Trauti Niliowapeleka Ziwani kwa Mama

Mkubwa wetu wa mkoa alikuwa mtu wa kupenda baridi. Wageni wengi wakihamishiwa Sumbawanga hulalamika wiki nzima ya kwanza, wanazunguka sokoni kutafuta majaketi ya mitumba na kuuliza kama hali hii ina mwisho. Yeye alishuka kwenye gari mwezi wa sita, upepo ukamkuta na shati la mikono mifupi, akavuta pumzi ndefu na kusema, "Baridi yote hii inapotea bure tu." Nilikuwa nimesimama pembeni, faili kwapani. Nilicheka kwa sababu wenzangu walicheka. Mkubwa akisema jambo la ajabu siku ya kwanza, unacheka kwanza, maswali baadaye.

Mimi nilikuwa afisa uvuvi. Vijijini hakuna anayesema afisa uvuvi, wanasema bwana samaki, na jina hilo limenishika mpaka leo nimestaafu na ninafuga kuku Malangali. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa huko chini, Ziwa Rukwa upande wa Muze, kupima matundu ya nyavu na kugombana na watu waliokuwa wakiniona mchawi. Huku juu uwandani, nilikozaliwa, bwana samaki hakuwa na la kufanya. Tulikuwa na ziwa moja dogo tu, ambalo mtu mwenye miguu mizuri hulizunguka kabla jua halijawa kali. Limekaa bondeni katikati ya nyasi, na kijito kimoja kinaliingia kutoka vilimani. Nyumba ya mama yangu iko juu ya bonde hilo. Ukisimama mlangoni kwake unaliona lote.

Mkubwa alisoma ng'ambo, nchi ya baridi, na huko alijifunza kuvua kwa mshipi na fimbo ndefu, kwa starehe, si kwa njaa. Samaki aliyempenda ni trauti, samaki wa maji baridi, mwenye madoadoa, mkali, anayepigana na ndoano mpaka mvuvi anatoka jasho. Alituambia kwamba wakoloni walimpandikiza kwenye mito ya milimani huko kaskazini, na kwamba watu hupanda ndege kwenda kumvua. Kwa nini wasije Ufipa? Akauliza nani anajua ziwa la juu, lenye maji ya baridi, lisilo na mamba. Nikanyoosha mkono. "Liko kwetu," nikasema, na nilijisikia vizuri sana kusema hivyo mbele ya watu wa ofisi ambao kwao hakuna ziwa.

Kulikuwa na fomu. Kabla ya kupandikiza samaki mgeni, lazima ujaze kama majini humo kuna samaki wa asili, wa aina gani, na nani anawategemea. Fomu nilipewa mimi. Tukaenda kijijini, mkutano ukaitishwa. Wanaume walikaa mbele kwenye mabenchi ya shule, wanawake nyuma kwenye nyasi, mama yangu kati yao. Mkubwa akauliza kwa sauti, "Ziwani kuna samaki?"

Wazee wakatazamana. Mwenyekiti wa kijiji akasimama. "Hakuna, mheshimiwa. Samaki tunanunua. Wanatoka Rukwa na Kasanga."

Hapo lazima nieleze, maana msomaji atadhani mwenyekiti alikuwa mwongo. Hakuwa mwongo. Ziwa lile lilikuwa na visamaki, vyembamba, urefu wa kidole, vyenye mstari mweusi ubavuni. Lakini vilikuwa vya wanawake. Mvua kubwa za kwanza zikishuka na kijito kikachafuka, visamaki vilipanda juu kwenda kutaga, na wanawake wakateremka na vikapu. Siku hizo hakuna mwanaume anayekanyaga bondeni. Wanawake huingia majini wamefunga kanga kifuani tu, wanaimba mambo yao, na mwanaume mwenye heshima zake hutafuta kazi upande wa pili wa kilima. Jioni anakuta visamaki kwenye bakuli, anakula na ugali wa ulezi, na haulizi vimetoka wapi. Kulitaja jambo hilo hadharani, tena mbele ya mheshimiwa, ni sawa na kutaja yanayofanyika chumbani kwa mzazi. Mwenyekiti asingeweza. Wanawake nao wasingeweza kumkatiza mwenyekiti mbele ya wageni. Basi kijiji kizima kilichokua kwa visamaki vile kilikaa pale kimya.

Na mimi nilijua. Nilibebwa mgongoni mwa mama kwenye maji yale, na baadaye nikashika kanga yake nikiwa nimesimama ukingoni, mpaka meno ya utoto yalipoanza kung'oka na wanawake wakanifukuza kwa vicheko. Nilijua kwamba kundi la kwanza la visamaki haliguswi. Wanawake hukaa ukingoni, miguu nje, wanaliacha lipite lote likatage, ndipo wanaingia kulisubiri la pili. Nilijua kwamba mwanamke akijifungua anakunywa supu ya visamaki vilivyokaushwa juu ya moto, ili maziwa yashuke. Mimi mwenyewe nilinyonya maziwa hayo. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, mahali pa kuandika palikuwa peupe, na niliandika "Hakuna."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilikuwa mtu mzima kati ya wanaume wenzangu, sawa. Lakini ukweli wenyewe ni mbaya zaidi. Niliona aibu. Chuoni nilifundishwa samaki wanaopimwa kwenye mizani, na kwenye ripoti ya kwenda juu sikutaka kuandika visamaki vya vikapu vya akina mama, mkubwa akanicheka. Kisha nilitaka sana mpango ule ufanikiwe, kwetu, mikononi mwangu.

Mkutano ulipokwisha mama akaniita kando ya darasa.

"Baba, huyo mgeni wenu anakula nini?"

"Wadudu, mama. Wale wanaoruka juu ya maji."

"Wadudu tu?"

"Wadudu."

Vitabu vyangu vilisema wadudu akiwa mdogo, na samaki wadogo akikua. Nilimpa nusu ya ukurasa. Mama aliniangalia kidogo, akafunga upya kitambaa chake kichwani. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma," akasema. Hakusema kwa kejeli. Alikwenda kwa wenzake waliokuwa wakimsubiri, na nikamsikia akiwaambia kwa Kifipa wasihofu, mwanawe amesema.

Vifaranga vya trauti vilikuja kwa gari kutoka kaskazini, safari ndefu, ndani ya mifuko ya nailoni iliyojaa maji na hewa. Nilikaa nyuma pamoja navyo. Kila tulipopata wauza samaki barabarani niliomba barafu, nikaipanga kati ya mifuko, na sijawahi kumhudumia mgonjwa kwa uangalifu ule. Tulipofika, njia ya kuteremka ziwani ilikuwa na utelezi. Wanaume waliteleza mara mbili, wakasimama wakilaumu viatu vyao. Wanawake ndio walioijua njia ile, wakaichukua mifuko na kuiteremsha pekupeku bila kumwaga tone. Mama alibeba wa mwisho, ameukumbatia kwa mikono yote miwili.

Tuliiacha mifuko ielee kwanza, ili maji ya ndani na ya nje yalingane ubaridi. Kisha nikafungua mmoja mmoja. Vifaranga vilitoka, vikasimama kidogo kwenye maji mapya, halafu vikatawanyika. Mkubwa alipiga makofi. Aliyeanza kupiga vigelegele ni mama yangu.

Miaka ya kwanza ilikuwa mizuri, siwezi kukataa. Trauti walikua, wakalipenda ziwa, wakakipenda na kijito chenye changarawe, wakaanza kuzaana humo bila msaada wangu. Nilipandishwa cheo. Wageni walikuja kweli, si wengi, lakini walikuja. Kijiji hakijamsahau mama mmoja wa Kizungu aliyevua trauti mkubwa mbele ya watu wote, akapigwa naye picha, akambusu mdomoni, kisha akamrudisha majini taratibu. Watu walishika vichwa. Mama yangu aliniuliza, "Amemrudisha? Ana mayai?"

"Hapana, mama. Ni mchezo tu. Wanavua, wanarudisha."

"Mchezo," akasema mama. "Na chakula?"

Nilicheka, nikamweleza mambo ya utalii. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mama yule hakuwa na njaa.

Siku moja nikampasua trauti niliyemvua kwa ajili ya kupima. Tumboni nikakuta visamaki. Vilikuwa vingi, vimelaliana, vingine bado vinang'aa, na ule mstari mweusi ubavuni ulionekana vizuri. Nilikuwa peke yangu. Nikayatupa matumbo yale kwenye nyasi, nikanawa mikono, nikaandika uzito na urefu. Sehemu ya chakula nikaandika wadudu. Nilijiambia kwamba ni mmoja tu, ana tabia yake.

Kisha ikaja sheria ndogo. Mkubwa alilalamika kwamba vikapu vya wanawake vinazoa vifaranga vya trauti kijitoni, na ni kweli vilikuwa vikizoa. Rasimu niliiandika mimi: marufuku kuvua kwa kikapu, mtego wa mgono au wavu ziwani na kwenye kijito kinachoingia ziwani. Kijiji kikaipitisha. Wanaume walinyoosha mikono.

Mvua zilizofuata nilikuwa kwenye ofisi ya kata, mkubwa amekaa kwenye kiti cha mbele, mgambo wakaingiza wanawake wanne waliolowa, kila mmoja na kikapu chake. Wa tatu alikuwa mama. Maji yalikuwa yakimchuruzika kwenye sakafu ya saruji. Mgambo hakumjua. Mkubwa naye hakumjua. Wanawake wale watatu waliniangalia mimi, wakasubiri.

Mama akapiga goti kidogo, kama mtu anavyofanya mbele ya serikali. "Shikamoo, bwana samaki," akasema.

Nikajibu, "Marahaba."

Neno hilo lilinitoka lenyewe, kwa mazoea ya kazi. Lakini lilinitoka. Sijawahi kusikia kwamba mtoto mwingine kamwitikia mama yake aliyemzaa kwa neno lile. Nilitaka kusimama, niseme huyu ni mama yangu, na sikusimama. Niliwasomea sheria, nikawapa onyo, nikawaruhusu waondoke, na mgambo wakavichoma vikapu nyuma ya ofisi kama sheria ilivyosema. Nilikwenda kwa mama siku iliyofuata na kilo mbili za sukari. Alinipikia, akaniuliza habari za watoto.

Mkubwa alihamishwa, akaja mwingine ambaye baridi ilimuumiza magoti na hakutaka kusikia habari za maziwa. Wageni wakapungua, wakaisha. Jengo lililokusudiwa kuwa hoteli liliishia kwenye msingi, na sasa mbuzi wanapumzika humo. Sheria ikalegea yenyewe, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mafuta ya pikipiki ya kuifuata. Wanawake wakasuka vikapu vipya.

Mama ndiye aliyenisimulia yaliyotokea mwaka huo, bila kulaumu. Mvua kubwa zilishuka, kijito kikachafuka, wakateremka na kukaa ukingoni kulisubiri kundi la kwanza ili wasiliguse. Halikuja. Wakarudi kesho yake, na kesho kutwa. Kulikuwa na wasichana waliotaka kuingia tu, wajaribu, lakini wakubwa waliwakatalia, kwamba utaingiaje kabla la kwanza halijapita? Walikaa hivyo, miguu nje ya maji, mpaka mvua zilipokatika. Mwaka uliofuata walikuja wachache. Ule wa tatu alikuja mama peke yake, na alikuwa tayari anatembea kwa fimbo.

Nilipostaafu nilianza kulizunguka ziwa lile kila nilipokwenda kumwona. Nilitumbukiza mitego, nilichungulia kwenye matete, niliwauliza Wasukuma wanaonywesha ng'ombe wao pale kiangazi. Nilijua kutafuta, ndiyo kazi niliyosomea. Hakuna kisamaki hata kimoja. Trauti wenyewe wamebaki wachache, wamekimbilia sehemu ya juu ya kijito ambako ng'ombe hawajayachafua maji. Ziwani sasa kuna vyura.

Mwaka jana binti yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza. Anafanya kazi Dodoma, ila alitaka kuzalia nyumbani, na baada ya hospitali akapelekwa kwa bibi yake kijijini, kama ilivyo desturi. Alikulia shule za bweni. Wakati naleta trauti alikuwa bado hajajua kuvaa viatu, kwa hiyo visamaki hakuwahi kuviona, alisimuliwa tu. Bibi yake alipenda sana kumsimulia. Na sasa maziwa yalikuwa hayatoshi, mtoto akilia anabadilika rangi, na binti yangu akawa analia naye. Nilileta dagaa wa Tanganyika kutoka sokoni Mazwi. Wakapikwa, akanywa, hakufurahi. "Bibi," akasema, "si kuna vile vya kwenu? Vya mtoni? Umeniambia siku zote kwamba ndivyo vinavyoteremsha maziwa."

Mama aliniangalia. Mvua zilikuwa zimeshaanza.

Kikapu nilikikuta kwa jirani, kuku ameshakifanya mahali pa kutagia. Nikakung'uta majani, nikateremka nacho asubuhi, nikakunja suruali, nikaingia kijitoni. Mimi, mwanaume mwenye mvi, kwenye maji yale, msimu ule. Wanawake walikuwa juu ya kilima wakifukia majani kwenye matuta yao. Waliniona, wakasimama na majembe yao. Nilitegemea watacheka, na ningependa wacheke. Mmoja aliita tu, "Bwana samaki, pole!" kisha wakaendelea kulima. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Nilirudi siku ya pili. Nilikuwa namwomba Mungu kwa sauti kabisa, kimoja tu, hata kimekonda vipi, nikipate nikipeleke nyumbani. Nilikuwa na hasira na maji, na hasira na mimi mwenyewe, na nililia pale kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na machozi hayakuonekana.

Siku ya tatu kikapu kikatikisika. Nilikiinua kwa mikono yote miwili. Ndani alikuwamo trauti mchanga, wa kiganja kimoja, mnono, madoadoa yake mazuri.

Nilikaribia kumrudisha. Halafu nikamfikiria mtoto, nikaenda naye.

Mama alikuwa jikoni. Nilimpa kikapu. Akatazama ndani, kisha akachukua kisu. Alimkata kichwa, akamchuna ngozi yote yenye madoadoa na kuitia motoni. Nyama akaichambua kwa vidole, akaikata vipande vyembamba, kimoja kimoja, urefu wa kidole. Nikaelewa anafanya nini, nikataka kumwambia aache. Akaweka maji, chumvi, akakoroga.

Binti yangu aliinywa supu yote. Alifuta jasho, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile, akauliza, "Bibi, ndivyo vile visamaki vyenyewe?"

Mama hakunitazama. "Ndivyo, mwanangu," akasema. "Kunywa na hii iliyobaki, maziwa yashuke."